Jumanne Isiyo na Msiba Wala Harusi

Soma tangazo lolote la dalali wa nyumba Dar es Salaam siku hizi, mpangilio ni uleule. Chumba masta, sebule, jiko, choo ndani. Ipo ndani ya fensi, ina geti lake. Luku yako, maji yako. Kisha, kabla hajataja kodi ya miezi sita na hela ya kukupeleka kuona, dalali anaweka sentensi ambayo ndiyo hasa inayouza nyumba: "Mwenye nyumba haishi hapo." Analijua soko lake. Vigae na dari la jasi vinapatikana kila mahali. Wateja wake wanalipia kutoonana na watu.

Simlaumu mteja. Anayeisifia ile nyumba ya Kiswahili ya Magomeni, Temeke au Mwananyamala mara nyingi ni mtu aliyeihama zamani. Ukumbi katikati, vyumba vitatu huku, vitatu kule, uani choo kimoja, bafu moja na majiko yamepangwa ukutani. Ilikuwa shule ya ugomvi. Bili ya umeme iligawanywa kwa kuhesabu taa, mpaka akatokea mpangaji mwenye pasi, akafuata mwenye friji, kikao kikaitwa ukumbini saa nne usiku. Zamu ya kuosha choo ikarukwa na kila mtu akaapa kwamba si yake. Ukipika nyama nyumba nzima inajua, na ukilala njaa inajua vilevile. Mtoto wa kidato cha nne aliyetaka kusoma alisubiri watu walale au akatafute taa ya barabarani. Msichana akitembelewa na mvulana, habari zilifika gengeni kabla mgeni hajaaga.

Lakini katika nyumba ile hakuna aliyeweza kupotea siku tatu asiulizwe. Mlango usipofunguliwa hadi saa tatu asubuhi, mtu anaugonga. Jiko lisipowashwa, swali linaulizwa. Wala haikuhitaji upendo. Wapangaji wengine walikuwa hawasemeshani, na bado wangejua kwamba fulani hajatoka tangu jana. Foleni ya choo ndiyo iliyokuwa inafanya mahudhurio kila alfajiri, bila mtu kuitisha majina.

Ukishakuwa na choo chako, luku yako na geti lako, hakuna foleni tena ya kugundua kwamba haupo. Nairobi wamekwenda mbele zaidi yetu kwenye njia hiyo. Sensa ya Kenya ya 2019 iliwakuta watu 4,397,073 jijini humo, kwenye kaya 1,506,888. Piga hesabu: kaya moja haifikishi watu watatu. Bedisita juu ya bedisita, ghorofa tano, na kiungo pekee kati ya jirani na jirani ni keateka anayekuja kudai kodi tarehe tano.

Kwa miaka mingi tumejifariji kwamba upweke ni maradhi ya Wazungu. Uingereza ilipomteua waziri wa kushughulikia upweke mwaka 2018, na Japani ikafuata 2021, vijiweni watu walicheka. Wao wanahitaji waziri, sisi tuna mashangazi. Cheko hilo lilikuwa na ukweli ndani yake, ila halikuwa na takwimu.

Takwimu zimekuja. Shirika la Afya Duniani liliunda kamisheni mwishoni mwa 2023 kulichunguza jambo hili, na mmoja wa wenyeviti wake wawili alikuwa Mwafrika, Chido Mpemba, aliyekuwa mjumbe wa vijana wa Umoja wa Afrika. Ripoti yao ilitoka Juni 2025. Inasema mtu 1 kati ya 6 duniani anasumbuliwa na upweke, na kwamba upweke unahusishwa na vifo zaidi ya 871,000 kwa mwaka, wastani wa vifo 100 kila saa. Magazeti yalibeba hesabu hizo. Hesabu iliyostahili kutukalisha kitako ilipita kimya: katika nchi za kipato cha chini, wanaosema wako wapweke ni takribani asilimia 24. Katika nchi tajiri ni kama asilimia 11.

Isome tena. Wenye mashangazi wamewazidi wenye mawaziri zaidi ya mara mbili.

Tanzania na Kenya, kwa vipimo vya Benki ya Dunia, zimeshavuka kwenda kipato cha kati cha chini, kwa hiyo mtu anaweza kusema takwimu hiyo inawahusu jirani zetu wa Burundi, Rwanda, Uganda na Kongo. Sitakimbilia kichaka hicho. Maisha ya mpangaji wa Mbagala na ya mpangaji wa Kampala hayatofautiani kiasi cha kujivunia.

Kuna jambo la kuwekwa sawa kwanza. Mwanasaikolojia John Cacioppo wa Chicago, aliyefariki 2018, alitumia miaka mingi akionyesha kwamba upweke ni kengele ya mwili, ya aina moja na njaa au kiu. Njaa inakusukuma utafute chakula. Upweke unakusukuma utafute watu. Kinachoiliza kengele hiyo ni pengo kati ya watu unaowahitaji na watu ulionao kwa maana ya kweli, na idadi ya waliokuzunguka haihusiki. Ndiyo maana unaweza kubanwa kwenye daladala la Gongo la Mboto, kiwiko cha mtu mbavuni na mfuko wa mtu mwingine mapajani, ukawa mpweke kuliko mvuvi aliyeko peke yake kwenye ngalawa.

Sasa kwa nini sisi? Jibu linalotolewa haraka ni simu: vijana wameinamisha vichwa, hawasalimii. Sina hamu ya kurudia wimbo huo. Vijana wa Ulaya wana simu nzuri zaidi na bando lisiloisha. Kama tatizo lingekuwa simu, hesabu za asilimia 24 na 11 zingekaa kinyume.

Nadhani jibu liko kwenye pesa, na ushahidi bora ninaoufahamu hautoki mjini. Kuna kijiji kinaitwa Nyakatoke, Bukoba Vijijini, ambacho wakati huo kilikuwa na kaya 119. Mwaka 2000 watafiti wa uchumi walizipitia kaya zote, wakauliza kila mtu mzima: ukipatwa na shida unamtegemea nani, na nani anakutegemea wewe? Ni kijiji cha Wahaya, chenye migomba, koo, vyama vya kuzikana na dini zake, mahali ambapo mtu wa mjini anaamini hakuna aliye peke yake. Ungetarajia masikini ndiye mwenye watu wengi, maana ndiye anayewahitaji zaidi. Walikuta mtandao wa kaya masikini ni mwembamba kuliko wa kaya zenye uwezo.

Kuwa na watu kuna gharama, na aliyekosa gharama hiyo anakosa na watu.

Ukitaka kuiona gharama yenyewe, fungua simu ya mtu mzima yeyote wa mjini uhesabu magrupu yake. La ukoo. La mtaa. La waliosoma pamoja. La jumuiya. La kikoba. Mawili matatu ya harusi ambazo zimeshapita, wanandoa wana mtoto wa pili, ila hakuna mwenye ujasiri wa kujitoa. Kisha tazama yanazungumza nini. Wiki zinapita kimya. Mtu anarusha picha yenye maua na maneno "Ijumaa Karim", mwingine mstari wa Zaburi, hakuna anayejibu. Halafu siku moja, saa kumi na moja alfajiri: "Ndugu zangu, kwa masikitiko makubwa..." Grupu linafufuka. Pole zinamiminika, nyingine zimenakiliwa kutoka msiba uliopita kiasi kwamba jina la marehemu wa zamani limesahaulika ndani. Mchana inaanza orodha. Namba, jina, kiasi, alama ya tiki kwa aliyekwishatuma. Kila anayechangia anainakili orodha yote, anaongeza jina lake chini, anairudisha. Jioni mweka hazina anaandika: "Wapendwa, wengine tusikae kimya, muda umetubana."

Orodha ile ni kitu kizuri, nisieleweke vibaya. Imewazika kwa heshima watu ambao mshahara wao wa mwezi usingetosha jeneza. Imewasafirisha marehemu kutoka Muhimbili hadi Tarime na Mbinga. Serikali isingeweza kuifanya kazi hiyo.

Ila orodha inayoonyesha nani yupo, inaonyesha pia nani hayupo. Chukua mtu aliyeachishwa kazi mwezi wa tatu. Anaisoma kila inaporudi. Jirani yake 20,000. Fundi wa pikipiki pale kona 10,000. Yeye jina lake halimo. Kuandika "poleni" tupu hawezi, maana pole isiyo na tiki inaonekana na kila mtu. Anaona bora anyamaze. Msibani haendi, kwa sababu anajua karibu na turubai kutakuwa na meza, kwenye meza daftari la rambirambi, na nyuma ya daftari mtu anayemjua. Msiba wa pili anashindwa kwenda kwa sababu hakwenda wa kwanza. Anazima sauti ya grupu, baadaye grupu lenyewe. Mwaka ukiisha mtaa umeshatoa hukumu: "Yule siku hizi ana majivuno, hajichanganyi."

Hajichanganyi! Angejichanganya na nini?

Hivi ndivyo umasikini unavyozaa upweke katika nchi iliyojaa watu. Hakuna aliyemfukuza mtu huyu. Kila aliyeandika jina lake kwenye orodha alifanya jambo la huruma, na jumla ya huruma zote hizo ikamfungia mlango.

Vijijini mambo hayafichwi. Sehemu mbalimbali za Tanzania, kuanzia Kagera hadi Mbeya, asiyeshiriki misiba hutengwa. Hasalimiwi. Dukani hauziwi hata chumvi. Akifiwa, atachimba kaburi yeye na wanawe. Viongozi wa serikali wamelikemea jambo hilo mara nyingi na bado lipo, kwa sababu linafanya kazi. Jamii inayotumia upweke kama fimbo inaujua vizuri uzito wake. Umoja wa Mataifa, katika Kanuni za Nelson Mandela za 2015, umekataza mfungwa kuwekwa peke yake zaidi ya siku 15 mfululizo. Kikao cha kijiji hakina ukomo huo.

Litazame na kosa lenyewe. Sijawahi kusikia mtu ametengwa kwa kutomtembelea mgonjwa, au ametozwa faini ya mbuzi kwa kutokaa na jirani yake akapiga naye soga. Kosa ni kukosekana makaburini. Hata kwenye dini tumefika huko. Maaskofu Katoliki wa Afrika Mashariki walipozianzisha jumuiya ndogondogo miaka ya 1970, shabaha ilikuwa waumini wa nyumba chache zilizo jirani wasali pamoja na kujuana kwa majina na shida zao. Leo muulize muumini wa mjini kwa nini anajikokota Jumamosi saa kumi na mbili asubuhi kwenda kusali sebuleni kwa mtu. Atakujibu, nusu utani: "Nisipokwenda, nani atanizika?" Hofu yake ina msingi. Zipo parokia zinazotangaza waziwazi kwamba asiyejulikana kwenye jumuiya asitegemee padri kaburini.

Undugu wetu wote tumeujenga kuzunguka matukio: msiba, harusi, kipaimara, maulidi, sendofu, kitchen pati. Kwenye tukio hatuna mpinzani. Mama aliyefiwa na mumewe hataachwa peke yake hata dakika moja. Wanawake watalala naye kwenye mikeka, wengine hawamjui vizuri, watampikia, watamnawisha uso, watamkumbusha kula. Hakuna mtaalamu wa ushauri nasaha anayeweza kubuni kitu bora kuliko matanga. Siku ya nne turubai linashushwa, viti vya kukodi vinapakiwa kwenye kirikuu, masufuria yanarudi kwa wenyewe. Tutaonana arobaini, mama, jipe moyo. Kati ya siku hiyo na arobaini hakuna aliyepangiwa zamu. Baada ya arobaini ndiyo kabisa.

Tunajua kufanya nini mtu akifa. Mtu akiwa hai tu, Jumanne, hana msiba wala harusi, hatuna utaratibu wake.

Utaona hilo kwenye namna tunavyotembeleana. Zamani ilitosha hodi. Unapita njia, unaona mlango uko wazi, unabisha, unakaribishwa, unakuta watu wanakula unaambiwa mama mkwe wako anakupenda. Leo ni sharti upige simu kwanza, sawa, mji mkubwa na watu wana kazi. Lakini sikiliza mazungumzo yenyewe.

"Upo nyumbani? Nataka nipite hapo kwako jioni."

"Kwema? Kuna nini?"

"Hamna kitu, nakuja tu kukusalimia."

"Mh. Haya, karibu. Lakini kweli hamna tatizo?"

Mgeni atakaa kwenye kochi, mwenyeji akisubiri aseme alichokuja kukopa. Akiondoka bila kukopa, mume na mke watamjadili usiku huo.

Wapo ambao hata hodi haiwafikii. Ndani ya ile fensi ya dalali kuna mtu ambaye tangazo halikumtaja: dada wa kazi. Ametoka Singida, Dodoma au Iringa, ana miaka kumi na minane au pungufu. Nyumba ina watu watano na runinga haizimwi, kwa hiyo hakuna anayeweza kufikiria kwamba yupo peke yake. Anakula jikoni. Simu amepewa kwa masharti. Anatoka nje ya geti kwenda dukani na kumwaga taka. Rafiki aliye naye ni mama wa mchicha anayepita saa mbili asubuhi, na mazungumzo yao ni ya kupitia kijitundu cha geti, dakika tatu, huku mkono ukipokea fungu la mboga. Mama huyo anajua kwamba binti ana mdogo wake anayeumwa nyumbani. Mwajiri, wanayelala paa moja, hajui. Ukivuka bahari unamkuta dada huyohuyo Riyadh au Muscat, Mkenya, Mganda au Mtanzania, kibali chake kikiwa kimefungwa kwa mwajiri mmoja, na malalamiko yanayojirudia ni yaleyale: pasipoti imechukuliwa, simu imechukuliwa. Anayetaka kumvunja mtu huanza na simu.

Wapo pia wazazi. Panda Rombo, Marangu au Machame mwezi wa tano uone nyumba zilivyojengwa: bati la rangi, madirisha ya alumini, geti la kuteleza, na ndani bibi mmoja mwenye kisukari na mjukuu wa darasa la pili. Nyumba ina vyumba vya watoto sita walioko Dar, Arusha na Texas. Desemba itajaa, magari yatakosa pa kugeuzia, mbuzi watachinjwa, picha zitapigwa. Januari tarehe tatu inarudi hali yake. Pesa za matumizi zinatumwa kila mwezi bila kukosa, hilo sitawanyima. Bibi anapozungumzwa kwenye grupu la familia, ajenda ni dawa, bima na nani atalipa mtu wa kukata majani ya ng'ombe.

Nimalize jambo moja la upande wa pili, maana utetezi wa ushirika unaweza kugeuka kuwa udikteta. Kukaa peke yako ni haja ya watu wengi, na kwetu hailindwi. Anayekaa ndani Jumapili nzima kusoma au kunyamaza tu ataambiwa anaringa, akizeeka ataambiwa mchawi. Dini zetu zina busara kubwa kuliko vijiwe. Mtume Muhammad alijitenga kwenye pango la Hira, Yesu siku 40 jangwani, na Waislamu mpaka leo hukaa itikafu kumi la mwisho la Ramadhani. Ila ona itikafu inakofanyika: msikitini, katikati ya watu, na futari inaletwa. Anayejitenga namna hiyo anajua wapi pa kurudia, na waliobaki wanajua alipo. Yule wa grupu lililozimwa sauti hana kimoja kati ya hivyo.

Ninachokitafuta ni ushirika usio na tukio na usio na kiingilio. Uliwahi kuwepo, na tena ulijengwa kwa mawe. Lamu, Mji wa Kale wa Mombasa na Mji Mkongwe wa Unguja, nyumba ilikuwa na baraza nje ya mlango, benchi la jiwe lililopakwa chokaa. Ndani ni stara tupu, hakuna anayeingia hovyo. Nje ni pa kila mtu. Aliyekaa barazani hajakuwa mgeni wako, huna haja ya kumpikia wala kumfagilia. Anapoa jua, anakunywa kahawa chungu, anasikiliza, anaondoka. Asiye na shilingi alikaa sawa na mwenye jahazi. Baraza lilikuwa la wanaume, hilo nalikiri kabla sijaandikiwa. Wanawake walikuwa na lao upande wa uani, alasiri, wakisuka ukili au kudarizi kofia, mikono ikiwa na kazi na ndimi zikiwa huru.

Zimbabwe wamelichukua wazo la namna hiyo wakalipeleka kliniki. Mwaka 2006 daktari wa magonjwa ya akili Dixon Chibanda alipewa kazi Mbare, Harare, bila wauguzi wala vyumba. Alichopewa ni bibi 14 wahudumu wa afya wa jamii, na nafasi ya nje. Akaweka mabenchi chini ya miti. Mwanzoni yaliitwa mabenchi ya afya ya akili na hakuna aliyetaka kuonekana ameyakalia. Bibi wenyewe wakamwambia abadilishe, yakawa mabenchi ya urafiki. Mtu mwenye mawazo mengi anakaa na bibi, wanazungumza, wanachagua tatizo moja la kuanza nalo. Jaribio la kitabibu lililochapishwa 2016 lilionyesha kwamba baada ya miezi sita waliokaa na bibi walikuwa na dalili chache za sonona kuliko waliopata huduma ya kawaida. Wakishamaliza vikao huingizwa kwenye vikundi ambako wanakaa wakifuma mifuko kwa plastiki chakavu. Mama wa Pemba mwenye ukili wake asingeona ajabu yoyote hapo.

Kwetu, ukiona viwanja vipya vya Goba, Madale au Chanika vinapimwa, barabara zinaachwa, pengine na eneo la shule. Ukuta unajengwa kabla ya nyumba. Sehemu ya kukaa bure, kwenye kivuli, bila kuagiza soda, haimo kwenye ramani. Kinachokaribia baraza kimebaki kijiwe cha bodaboda, na hicho mgambo wanakifukuza kila baada ya miezi michache. Jambo la kushangaza ni kwamba serikali zinapotaka majirani wajuane, zinakumbuka usalama tu. Balozi wa nyumba kumi wa TANU katikati ya miaka ya 1960 alijua nani kalala kwa nani. Kenya ilianzisha Nyumba Kumi yake mwaka 2013 kwa ajili ya magaidi. Tumjue jirani ili tumripoti.

Sidai wizara ya upweke. Tungeipa semina na magari. Naanza na kitu kilicho mikononi mwa mwenyekiti wa grupu yeyote anayesoma hapa: orodha isirushwe. Mweka hazina apokee kwenye simu yake, aandike kwenye daftari lake, jioni atangaze jumla. Majina abaki nayo. Na pale msibani ile meza isogezwe mbali na njia, asiyekuwa na kitu apite moja kwa moja kwenda kukaa na wafiwa.

Wataniambia orodha isiporushwa watu hawatachanga, kwamba sisi tunatoa kwa kuonana. Inawezekana kabisa. Basi turubai moja badala ya matatu, pilau liwe na nyama ya kuhesabu, mziki wa kukodi usiwepo. Mimi nauchagua msiba huo, mradi yule aliyeachishwa kazi mwezi wa tatu awe mmoja wa wanaochimba kaburi, na kesho yake fundi wa pikipiki apite kwake bila kuulizwa kuna nini.